Mguu Ulioganda Mlangoni: Tiba ya Viungo Ihamie Mtaani

Nyumba ya ami yangu iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, na mlango wake una kizingiti cha mbao kilicholika kwa nyayo za vizazi. Kwa miaka sabini na kitu ami amekivuka bila hata kukitupia jicho. Mwaka juzi kikaanza kumshinda. Adhana ya alasiri ikilia, huvaa kanzu na kofia yake, huchukua bakora, hujikokota mpaka pale kizingitini, halafu miguu husimama. Kiwiliwili chataka kwenda, magoti yanatetemeka, nyayo zimenata sakafuni. "Imeganda," husema, kwa sauti ambayo nayo imefifia kwa maradhi yale yale yanayomgandisha, ugonjwa wa Parkinson.

Sisi wa nyumbani tulikuwa na tiba yetu. Mmoja anamvuta mkono, mwingine anamsukuma mgongo, wa tatu anamhimiza: "Twende ami, twende, sala yakimiwa." Siku moja tukamvuta, kiwiliwili kikaja, miguu ikabaki nyuma. Alipasuka kipaji cha uso, akashonwa nyuzi saba.

Wiki chache baadaye alikuja kututembelea binti wa jirani, ambaye kazi yake ni tiba ya viungo, hao ambao hospitalini tunawaita fizio. Alimkuta ami amesimama pale pale mlangoni na sisi tumemzunguka. Hakumgusa. Alituomba tumwachie mkono, akamsubiri atulie, kisha akaweka mguu wake wa kulia kwa upana mbele ya kidole gumba cha ami. "Mzee wangu, usinitazame mimi. Tazama mguu wangu huu. Uruke." Ami akainua goti, akauruka mguu wa yule binti, akashuka kizingiti, na hatua zikafuatana mpaka barazani. Alipoketi, machozi yalikuwa yanamlengalenga, nami pia.

Tangu siku hiyo nimeyafuatilia mambo haya, na nimefika mahali nataka kuyasema hadharani. Tiba ya viungo kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson na maradhi mengine ya mwendo ni somo. Mgonjwa anafunzwa upya namna ya kutembea, kugeuka, kuinuka na kuanguka. Somo kama hilo halishiki kwa kufundishwa mara moja kwa mwezi, tena mbali na mlango unaomgandisha. Jinsi tunavyolitoa Mombasa leo, twawachosha wazee na watoto wao, kisha twasema mazoezi hayakusaidia.

Kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Yana jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeyaeleza katika kijitabu cha 1817. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikuwapo duniani watu zaidi ya milioni 8.5 wanaoishi nayo. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Seli hizo hufa kidogo kidogo, na mkono unapoanza kutetemeka sehemu kubwa yake huwa imeshakwenda. Kutetemeka watu wanakujua. Kukakamaa na kupungua kasi watu huita uzee, na wengine huita upepo au jini, mgonjwa akazungushwa kwa waganga miaka mizima.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba misuli ya mgonjwa huwa mizima. Kinachopotea ni mwendo wa mazoea. Wewe na mimi hatuamui kuinua mguu. Tunatoka nyumbani tunazungumza na simu na miguu yajiendea. Kwa mwenye Parkinson ile amri ya kimya haifiki. Ila ubongo una njia nyingine, ya makusudi, inayopitia macho, masikio na nia. Ukimwekea mstari wa kuvuka, ukimpigia mdundo, ukimwambia ahesabu, hatua inapita njia hiyo ya pili. Ndiyo maana mtu anayeganda kwenye sakafu tambarare anaweza kupanda ngazi bila taabu, kwa sababu kila kipandio ni mstari. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi, Anke Snijders na Bastiaan Bloem, walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine habari za mtu wa miaka 58, mgonjwa kwa miaka kumi, aliyeshindwa kutembea hatua chache bila kuganda na kuanguka. Wakampa baiskeli, akaiendesha vizuri, akazunguka na kurudi. Aliposhuka, akaganda tena.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka ami na ule mguu wa yule binti.

Sasa tazama kile ambacho wengi wetu tunakiita tiba ya viungo. Pwani tuna mila ya kuchua. Mtu akikakamaa, anatafutwa mama anayejua kukanda, mafuta ya nazi yanapashwa moto, mgonjwa analazwa mkekani. Sina neno baya juu ya kuchua. Hulegeza misuli, hupunguza maumivu ya bega lililokaza, na mkono wa mtu mwenye huruma una faida yake. Lakini mtu anayechuliwa amelala. Anafanyiwa. Akiinuka pale, ubongo wake haujajifunza lolote kuhusu kizingiti. Tatizo ni kwamba fikira hiyo hiyo ya kufanyiwa imehamia hospitalini. Hospitali moja tuliyompeleka ami mwanzoni walimweka chini ya taa ya joto, wakamkunja na kumkunjua miguu, wakampa baiskeli ya kukaa dakika kumi, wakaandika kwenye kadi arudi baada ya mwezi. Hakuna aliyemtazama akitembea. Hakuna aliyeuliza anaanguka wapi, saa ngapi, akiwa anafanya nini. Siwalaumu vijana wale. Foleni ya wagonjwa wa kiharusi na waliovunjika kwenye ajali za bodaboda ilikuwa imejaa ukumbi. Lakini ami alitoka vile vile alivyoingia.

Kuna atakayeniambia kwamba utafiti wenyewe haujathibitisha faida kubwa, na ni haki nimjibu, maana upo utafiti wa namna hiyo. Uingereza walichukua wagonjwa 762 wenye Parkinson ya kiasi, nusu wakapewa tiba ya viungo pamoja na tiba ya kazi za kila siku, nusu hawakupewa. Matokeo yalitolewa 2016: baada ya miezi mitatu, katika shughuli za kila siku, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Mtu akikomea hapo atasema tuokoe pesa. Lakini uliza walipewa kiasi gani. Kwa kawaida, mgonjwa alionana na wataalamu mara nne, kama saa moja kila mara, ndani ya wiki nane. Mara nne! Hakuna mtoto aliyejua kuogelea kwa kupelekwa ufukweni mara nne, wala aliyesoma herufi za Kurani kwa vipindi vinne vya chuoni. Mimi nasoma utafiti ule kuwa ni ushahidi dhidi ya tiba ya kidogo-kidogo, ile ile tunayoitoa sisi.

Ulinganishe na mazoezi yanayojulikana kama LSVT BIG, yanayomfundisha mgonjwa kufanya miondoko mikubwa kwa makusudi. Utaratibu wake ni vipindi 16 vya saa moja, siku nne kwa wiki, wiki nne mfululizo, na kazi ya nyumbani kila siku. Sababu ya ukubwa huo ni kwamba mwenye Parkinson hajui kuwa hatua yake imekuwa ndogo. Kwake yeye anahisi anatembea kama zamani. Ukimwambia apige hatua kubwa huona kama anafanya vituko, na ni lazima arudie mara mamia mpaka kile kikubwa kimkae mwilini kama kitu cha kawaida.

Waholanzi nao walifanya jambo ambalo naona ndilo lenye funzo kwa kaunti kama yetu. Tangu 2004 wamejenga mtandao uitwao ParkinsonNet. Wataalamu wachache wa kila eneo wanafunzwa maradhi haya hasa, na wagonjwa wa eneo hilo wanaelekezwa kwao, badala ya kutawanywa kwa kila mtu. Mwaka 2018 walichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 4,300. Waliotibiwa na wataalamu waliobobea, asilimia 17 walipata matatizo ya kuwapeleka hospitalini kama vile kuvunjika mifupa na nimonia; waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 21. Tofauti yaweza kuonekana ndogo mpaka uwe umemuuguza mzee aliyevunjika nyonga.

Na asiseme mtu kuwa hayo ni ya Ulaya. Karibu nasi kabisa, Wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wenye Parkinson, na wengi waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Kundi la wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania, ambao hawajatumia dawa yoyote ya maradhi haya, walifunzwa kutembea kwa kufuata ishara za kuwaongoza hatua. Matokeo yakachapishwa 2010: mwendo wao uliboreka. Watu hawa hawakuwa na dawa. Walikuwa na mtu wa kuwafundisha na njia ya kutembelea.

Sasa rudi Mombasa. Mzee wa Likoni aliyepewa miadi hospitali kubwa ya kisiwani anaanza safari asubuhi. Bodaboda au tuktuk mpaka kivukoni. Feri yenyewe ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini ule mteremko wa kuingilia, umati nyuma yako, king'ora, mikokoteni ya matunda, watu wanakimbilia nafasi! Kama ungebuni mahali pa kumgandisha mwenye Parkinson usingepata pazuri kuliko pale. Msongamano na haraka ndivyo vinavyomfunga miguu. Akivuka, matatu, kisha ngazi, kisha benchi. Anapoitwa chumbani saa tano, dawa yake ya alfajiri imeshakatika.

Hapa kwenye dawa nikae kidogo, kwa sababu wengi hawaelezwi. Levodopa, dawa kuu ya maradhi haya tangu miaka ya 1960, hupanda na kushuka mwilini. Inaposhika, mtu anafunguka. Inapokatika, anakakamaa tena. Zoezi la kujifunza jambo jipya lafaa lifanywe dawa ikiwa imeshika. Tena dawa hii hugombania njia na protini, kwa hiyo ukiimeza pamoja na sahani ya samaki au maharagwe huenda usiione kazi yake. Wengi hushauriwa waimeze kama nusu saa kabla ya kula. Mwezi wa Ramadhani nao una mtihani wake, maana pengo kati ya dozi hurefuka. Mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga, na wazee wengi hawataki kuitumia. Jambo hilo daktari na familia wazungumze kabla mwezi haujaandama. Fizio anayemwona mgonjwa kwake nyumbani anajua saa zake. Anayemwona kwa foleni anamwona kwa bahati tu.

Lakini kuna jambo lililo gumu kuliko feri, nalo limo ndani mwetu. Ni heshima yetu. Mzee akiugua, desturi yetu njema ni kumhudumia. "Keti ami, usijisumbue." Maji analetewa, viatu anavalishwa, chakula anakatiwa, na akitaka kuinuka wawili wanamkimbilia kumnyanyua kwa kwapa. Tunafanya kwa mapenzi na kwa kutafuta radhi. Na kila tunachomfanyia ni zoezi moja tumemnyang'anya. Ndani ya mwaka mmoja ami aliacha kufunga vifungo vyake, si kwa sababu vidole vimeshindwa kabisa, bali kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa anawahi. Yule binti alitufundisha kukaa na mikono yetu. Akionyesha namna ya kuinuka kitini, alimwambia ami asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha ajisukume. Sisi kazi yetu ilikuwa kusimama karibu na kunyamaza. Ile kunyamaza ndiyo iliyotushinda zaidi. Mara ya kwanza ilimchukua ami majaribio sita. Shangazi alitoka chumbani asimwone.

Na tukizungumzia akina shangazi, wanawake wenye maradhi haya wanajificha zaidi. Mwanamume haonekani msikitini, watu huuliza. Mwanamke akiacha kwenda harusini, husemwa tu kuwa amechoka. Naye ndiye yumo jikoni kwenye nafasi finyu, anageuka na sufuria ya moto mkononi. Kugeuka ghafla ukiwa umebeba kitu ni mambo mawili kwa wakati mmoja, na kwa ubongo huu mawili ni mengi. Wataalamu hufundisha kuzunguka kwa upana, hatua kwa hatua, kama gari kwenye raundabauti, na kutobeba kitu huku unatembea. Somo hilo huwezi kulitoa kwenye ukumbi mpana wa hospitali. Lazima ulitoe jikoni kwake, sufuria ikiwepo.

Vivyo hivyo sala. Kurukuu, kusujudu na kuinuka kutoka chini ni miongoni mwa mambo magumu kwa mwili uliokakamaa, na pia ndiyo yale yale fizio angependa mgonjwa aendelee kuyafanya kwa usalama. Kiti ni ruhusa, na kwa aliye hatarini kuanguka ni salama yake. Ninaloomba ni mtaalamu aulizwe kabla mzee hajakalishwa moja kwa moja. Ami alikalishwa kitini na sisi, hakuna aliyetushauri. Leo anasujudu sala mbili kati ya tano, asubuhi na alasiri, dawa ikiwa imeshika, kochi likiwa ubavuni la kujishikia.

Nini kifanyike? Afya ya hospitali na zahanati zetu, kwa Katiba ya 2010, iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo swali hili halihitaji kungoja Nairobi. Mombasa ina maeneo bunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni. Kaunti ichague fizio wawili wa kila eneo, wafunzwe maradhi ya mwendo hasa, kwa mfano ule wa Uholanzi, na asubuhi mbili kwa wiki watoke hospitalini. Waende kwenye zahanati ya mtaa, ukumbi wa madrasa au wa kanisa, popote penye sakafu na kivuli. Wagonjwa wanane au kumi, mistari ya chaki chini, mtu wa kupiga mdundo. Pwani hii hatujawahi kukosa mtu wa kupiga mdundo. Vipindi vya siku nyingine viwe nyumbani, vikisimamiwa na mmoja wa familia aliyefunzwa mbele ya fizio.

Halafu kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale zaidi ya laki moja nchini waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao ya kupimia presha na sukari. Wanaingia nyumba ambazo daktari hazijui. Waongezewe jambo moja dogo: kumwomba mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi, huku simu inahesabu sekunde. Muda ukizidi kurefuka kila ziara, au mzee akiganda wakati wa kugeuka, apelekwe kwa fizio wa eneo kabla hajaanguka. Hawatakuwa wataalamu wa viungo, na Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ya 2014 imeweka wazi nani anastahili kuitwa hivyo. Watakuwa macho ya fizio mtaani.

Najua jibu la afisini: fizio wenyewe hawatoshi, na wenye kiharusi ni wengi kuliko wenye Parkinson. Ni kweli. Lakini fizio mmoja anayefunza watu kumi pamoja kwa saa moja anatumia muda mdogo kuliko anayewaona mmoja mmoja chini ya taa ya joto. Na mwenye kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo na mama yake, wote wanahitaji ukumbi ule ule wa karibu na nyumbani. Kwa malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024, ina mfuko uliobeba jina la maradhi sugu. Sijui maradhi sugu kuliko haya, ambayo mtu huingia nayo kaburini. Vipindi vya kundi mtaani vitajwe humo kwa jina, vihesabiwe kwa mwezi mzima, ili familia isilazimike kuchagua kati ya dawa na nauli.

Yule binti alipotuaga mara ya mwisho alichora kwa chaki mistari mitano, kutoka kochi la ami mpaka kizingitini, kila mmoja umeachana na mwenzake kwa urefu wa hatua yake nzuri. Sakafu ikipigwa deki mistari hufutika, na mjukuu wa miaka tisa ndiye anayeichora upya kila Ijumaa, akipima kwa kipande cha ufito alichoachiwa. Alasiri ikifika humsimamia babu yake kando, hamgusi mikono, anahesabu moja mpaka tano kwa sauti, na ya sita ni ya kuvuka kizingiti.